Kioo Kilichobaki Kwenye Kamera

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mtaani walimwita Sisimizi. Riziki yake ilikuwa picha za vitambulisho, katika chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa vitu vidogo: mguu wa nzi, mshono wa shati, punje ya chumvi. Kamera yake ilikuwa ile ndogo ya mfukoni, ya mkanda, isiyoona vizuri kitu cha karibu. Basi akanunua vioo vya kukuza, vya mviringo kama kifuniko cha soda, akavipachika mbele ya lenzi kwa kipande cha bomba alichokikata mwenyewe.

Tundu la kuchungulia lilikuwa juu ya lenzi, kwa hiyo jicho lake halikujua kioo kinaona nini. Alifunga uzi kwenye kamera, akauvuta hadi kwa mdudu. Uzi ukikazika, hapo ndipo picha hutoka safi. Ukisogea kidogo, ukungu.

"Unaacha watu wanaolipa, unapiga siafu!" nilimtania.

"Dada, siafu hawaniambii niwatoe weupe."

Mama ndiye aliyemshinda. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha. "Sura hii nimeibeba kutwa kucha, ya nini tena kuibandika ukutani?" Hatukuwa na picha yake hata moja. Alipoanza kuugua, mdogo wangu akawa anambembeleza kila asubuhi, naye akimfukuza kwa mdomo. Siku moja, bila kuombwa, mama akaniambia nimfunge kichwani kitambaa chake cha kijani.

"Mwite huyo mpiga wadudu wako, kabla sijabadili nia."

Nilimkuta uani, amelala kifudifudi akimpiga picha buibui. Alikuja mbio, magoti yamejaa vumbi, kamera mkononi. Mama alikaa dirishani, mgongo wima.

"Mama, inua kidevu."

"Kidevu usinifundishe, nilikuwa nacho hujazaliwa."

Akapiga mpaka mkanda unakaribia kwisha. Mwishoni mama akanyoosha kiganja karibu na kamera. "Basi, mwanangu. Imetosha."

Wiki ile ile akatutoka. Asubuhi ya mazishi mdogo wangu alirudi kutoka kusafisha picha, akanivuta jikoni, akafunga mlango. Kila picha ilikuwa ukungu mtupu, na kijani juu yake. Kile kioo cha kukuza alichompigia buibui alikisahau mbele ya lenzi. Tunduni alimwona mama vizuri, hakushuku kitu. Moja tu ilitoka: kiganja, kila mstari na kila ufa wa kidole, na nyuma yake uso umeyeyuka.

Shangazi akagonga. "Picha iko wapi tuiweke mbele? Mtoto mpiga picha, mama azikwe bila picha?"

Mdogo wangu akaficha bahasha ya picha kifuani. "Mkanda umeungua, shangazi."

Hakupiga tena picha ya uso wa mtu. Alikirudisha chumba cha picha kwa mwenye nyumba, akaajiriwa kupanga viatu duka la mbele. Watu wakasema amerukwa na akili, nami nikawaacha waseme.

Mwaka uliofuata nilimkuta kitandani, ameshika ile picha ya kiganja.

"Ni mkono wake huo," nikamwambia. "Wengine hawana hata hicho."

"Dada, ukifumba macho uso wake unauona?"

"Kama yupo hapa."

Akailaza picha kifudifudi juu ya shuka. "Niambie uso huo ulivyokuwa. Mimi umeanza kunitoka."

Nikaketi kando yake, nikaanza na nyusi.