Grisi kwenye Miguu ya Prosesa

Kompyuta yangu ilikataa kuwaka siku ileile niliyoibadilishia prosesa. Taa ya mbele iliwaka, feni zikazunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi vilevile. Nilikaa mbele yake nimeduwaa, kwa sababu asubuhi ilikuwa nzima, na kila nilichokifanya nilidhani nimekifanya kwa uangalifu.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha biashara Kilindoni, kisiwani kwetu, karibu na njia ya kushukia bandarini. Nilichapa barua. Wavuvi wa upande wa Ghuba ya Chole walikuja kuandikiwa maombi ya vibali vya kuvua ndani ya hifadhi ya bahari, walimu walileta mitihani yao, na harusi zilipokaribia nilichapa kadi. Kisha mgeni mmoja aliyekuja kupiga mbizi aliniuzia kamera yake ya video alipokuwa anaondoka, nikaanza kupiga picha za harusi. Mimi nilipiga upande wa wanaume. Upande wa ndani, wa wanawake, alipiga mke wangu. Nilimfundisha kushika kamera, na haukupita muda mkono wake ukawa mtulivu kuliko wangu.

Picha za ndani zilikuwa na masharti. Mle ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wanamsinga bibi harusi kwa manukato na kucheza wanavyotaka, kwa kuwa hakuna mwanamume. Hata mimi sikuzitazama. Mke wangu ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta, pazia limeshushwa, akazipanga, akazitia kwenye sidii na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi.

Harusi ya binti wa jirani yetu, aliyeolewa na kijana wa kijiji cha Kanga, ilikuwa kubwa. Kabla ya siku yenyewe mama yake alikuja akasimama mlangoni pangu.

"Shemeji," akaniambia, "picha za mwanangu nazitaka. Lakini nataka na neno lako. Zisitoke humu."

"Hazitoki. Labda nitoke mimi kwanza."

"Wewe toka tu, zibaki," akasema, na mke wangu akacheka kule nyuma ya pazia.

Harusi ikapita, lakini kazi ile iliishinda mashine. Kila mke wangu alipojaribu kuiunganisha video, mashine iliganda. Fundi wa Dar aliyeniuzia akanishauri nibadilishe prosesa, akanitumia nyingine kwa boti. Ilikuwa ndogo kama biskuti, na upande wa chini imejaa miguu myembamba kama sindano. Maelekezo alinipa kwa simu: ng'oa ya zamani, weka mpya, paka juu yake ile dawa nyeupe ya joto, rudisha feni. Nikafuata yote. Ya zamani ilivunjika miguu nilipoing'oa, lakini sikujali, niliona kazi yake imekwisha.

Ila niliongeza langu. Sisi tunaokaa karibu na maji tunajua chumvi inavyokula vitu. Kufuli, bawaba, nati za baiskeli, vichwa vya betri, vyote tunavipaka grisi. Mtu akinunua kufuli jipya hulipaka kabla hajalitundika mlangoni. Nilipoiona ile miguu inavyong'aa niliionea huruma. Nikachukua kopo la grisi ya injini ya boti, nikaipaka nene mpaka ikazama. Nikajiona nimefanya jambo la akili.

Sasa skrini nyeusi. Nikavitoa vijiti vya kumbukumbu, nikavisugua kwa ufutio na kuvirudisha. Nikaazima skrini nyingine shuleni. Nikachomoa betri ile ndogo kama kifungo, nikangoja, nikairudisha. Hakuna. Nikampigia fundi.

"Shikamoo mzee. Umeiweka sawasawa?"

"Marahaba. Sawasawa."

"Hukuongeza kitu?"

"Nimefuata ulivyosema."

Sikukusudia kumdanganya. Grisi kwangu haikuwa kitu cha kuongeza. Ilikuwa kama kufuta vumbi.

"Basi rudisha ya zamani tuone."

"Imevunjika miguu."

"Lete mashine, mzee. Boksi tu."

Mke wangu alinikuta nalifunga boksi kwenye gunia. "Na watoto wa watu waliomo humo?"

"Mashine imekufa. Hapa haiwaki, kwa watu itawaka?"

"Si ndiyo unampelekea fundi aiwashe?"

Nilisikia alichosema, na nilijua ana haki. Nikamjibu kwamba fundi ana kazi zake, hana nafasi ya kutazama ngoma za watu. Gunia likapanda boti.

Siku zilizofuata jirani yetu, baba wa bibi harusi, akawa na safari ya Dar. Nikamwomba anipitie kwa fundi aniletee boksi langu. Kilichomo sikumwambia. Alijua harusi ilipigwa picha mpaka ndani, lakini hakujua picha hizo zimo kwenye mzigo anaoufuata.

Aliporudi aliliweka juu ya meza, salamu yangu akaiitikia nusu.

"Mashine yako inawaka," akasema.

"Alhamdulillahi. Ilikuwa na nini?"

"Grisi. Fundi amesema mtu kaipaka grisi miguuni, umeme haupiti. Kaisafisha kwa spiriti na mswaki, ikawaka palepale. Kasema hata wewe ungeweza kuisafisha hapa hapa."

Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

"Nimeikuta iko kwenye kaunta, skrini ya dukani inatazama barabarani. Inacheza video. Namuuliza ya nini, ananiambia anapima joto. Prosesa mpya uipe kazi nzito, uone kama itazima. Katafuta humo ndani video ndefu kuliko zote."

Nikalivuta boksi upande wangu.

"Watu wamesimama, jirani. Makuli, wauza maji, wapita njia. Na mimi nikasimama kama wao, sijui natazama nini. Nimeanza kuiona kanga ya mke wangu. Uso nimeutambua baadaye."

Mikono yangu ilikuwa juu ya boksi. Nakumbuka nilihisi bati lilivyo la baridi. Nikamtazama usoni nikitegemea matusi. Angenitukana ningejua pa kushika.

"Ifute," akasema. "Mke wangu sijamwambia. Mwambie wewe."

Nilimwomba mke wangu aende badala yangu. Akakataa. "Neno alilitaka kwako."

Nikaenda. Nilimweleza mama yule uani kwake, nimesimama, naye akiwa amekaa anapepeta mchele. Sikuficha grisi wala maneno ya mke wangu niliyoyapuuza. Ungo ukasimama mikononi mwake. Akauliza walikuwa watu wangapi. Nikasema sijui. Akauliza kama binti yake alionekana akiwa amefunguliwa nywele. Nikasema baba yake ndiye aliyeona.

Kesho yake alikuja kwangu amevaa buibui na uso kaufunika. Alitaka kuitazama mara moja kabla haijafutwa, maana hakuwahi kuiona. Wakakaa yeye na mke wangu nyuma ya pazia. Mimi nikakaa nje kizingitini, nikisikia nyimbo na vigelegele. Ilipokwisha wakaniita. Nikaingia nimeinamisha kichwa, skrini ikiwa imegeuzwa ukutani, nikasubiri mke wangu aniambie imefungwa. Nikaifuta mbele yao.

"Na kule Dar?" akauliza mama yule. "Hakubaki nayo?"

"Hakubaki," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akatoka. Hakuniita shemeji. Mke wangu alinitazama kwa mshangao, kwa sababu alijua sikuwa nimemuuliza fundi.

Nikampigia hapo hapo, mke wangu amesimama karibu.

"Shikamoo mzee. Inakwenda vizuri?"

"Marahaba. Ile video ya harusi uliyopimia mashine, uliinakili popote?"

"Ipi, mzee?" Nyuma yake nilisikia honi na watu wanabishana bei. "Ile ya kina mama? Mbona kama niliihamishia kwenye mashine ya dukani. Ngoja, nina mteja hapa. Nitaangalia."