Samaki wa Kulipia Hawauzwi

Goti liliponikataza kusimama sokoni Wandegeya, mjukuu wangu aliniwekea kwenye simu mchezo wa kuvua, ule wa bure. Nilicheka. Samaki nimeuza tangu sijaolewa, kuvua sijawahi. Lakini niliupenda. Unavua, unauza, unanunua chambo. Chambo kikiisha wanasema ulipe au ungoje saa mbili. Mimi nangoja. Nachagua maharage, nasali, narudi. Halafu matangazo! La sabuni nimelikariri lote, na sabuni yenyewe dukani sijaiona.

Huyo mjukuu, binti wa watu, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa, karibu na chuo. Mshahara wake wa kwanza akaninunulia mchezo mwingine, wa kulipia.

"Jaja," akasema, yaani bibi, "huu hauna kungoja wala matangazo."

Maji yake utadhani yatakulowesha. Nikavua samaki mkubwa kama mtoto, nikatafuta pa kumuuzia. Siku mbili natafuta! Kumbe unampima, unampiga picha, unamrudisha majini. Mimi hata samaki aliyeanza kulegea nilimkaanga nikamuuza, Mungu anisamehe.

Basi nikarudi kwenye ule wa bure, kwa siri. Mama yangu nilimnunulia kitenge kwa pesa yangu ya kwanza, akakivaa mara moja tu. Inaniuma mpaka leo. Sikutaka mtoto huyu aumie hivyo.

Jumamosi akaingia, na tangazo la sabuni likalia. Akasimama mlangoni.

"Jaja, wangu umeharibika?"

"Haujaharibika."

"Basi hukuupenda."

Nikasema ukweli: nani anavua samaki ili amrudishe? Hakucheka. Akachukua simu, akafungua ule wake, akavua mmoja mnene. Kabla hajampima nikaropoka, "Kilo nne na kidogo."

Mizani ikasema hivyo hivyo.

"Jaja! Umejuaje?"

"Tumbo hilo, si unaliona?"

"Umebahatisha." Akavua mwingine, akafunika mizani kwa kidole gumba. "Haya, huyu?"

"Mbili kasoro."

Akainua kidole. "Mchawi wewe!"

Sasa Jumamosi anavua yeye, mimi nasema uzito. Nikikosea, napika chai. Juzi nilikosea, kwa samaki wa huko kwa wazungu mwenye meno ya mbwa. Ule wa bure nacheza siku nyingine, na anajua. Tukishampima samaki tunamrudisha. Bado mkono unakuwa mzito kidogo, lakini namwacha aende.