Kinyonga na Fundi Asiyepima

Mama yake alipenda kusimulia kwamba fundi huyu hakumngoja hata mkunga. Alizaliwa mlangoni, watu bado wanatafuta viatu vya kwendea hospitali, na tangu siku hiyo hakupata kungoja kitu. Alikula akiwa amesimama, aliongea na pini mdomoni, na mtaa mzima ukamwita Chapuchapu. Gauni la kazi ya wiki nzima yeye alilimaliza kabla chai ya mteja haijapoa, kama utaamini maneno yake mwenyewe. Na hakupima mtu. Tepu ya kupimia ilining'inia kwenye msumari karibu na dirisha, imekuwa pambo. "Jicho langu ndilo tepu," alisema, na kwa haki yake, mara nyingi jicho halikumdanganya.

Lilimdanganya kwa mtoto wa mumewe.

Alipoolewa na dereva wa lori alimkuta na binti wa miaka kumi na mmoja, aliyefiwa na mama yake zamani kidogo. Wiki ile ile ya kwanza Chapuchapu alimshonea gauni la maua bila kumwuliza, akamkumbatia bila kumwuliza, akamfumua nywele amsuke upya bila kumwuliza. Mtoto akawa jiwe. Hakumjibu vibaya wala hakununa mbele za wageni. Alisema asante, akalitundika gauni nyuma ya mlango wa chumba chake, likabaki huko. Alimwita "Fundi", kama wateja walivyomwita. Kila baba alipoondoka na lori lake, nyumba ilibaki na cherehani inayopiga kelele na watu wawili wasio na la kuambiana. Jambo hilo lilimkosesha Chapuchapu usingizi, ingawa ungemwuliza angekwambia ni mbu.

Kitu pekee kilichomfungua binti mdomo kilikuwa kinyonga. Mjomba wake, anayefuga vinyonga nyumbani, alimpa mmoja mchanga, na binti akamwita Babu kwa ule mwendo wake wa kizee, japo Babu mwenyewe hakufikia urefu wa kidole. Aliishi ndani ya tundu la wavu lenye vijiti na majani, juu ya meza ya chumba cha kushonea, kwa sababu ndicho chumba kilichopata jua. Chapuchapu alimwogopa. Yale macho, moja linatazama dari na jingine linakutazama wewe, hayakumpa raha hata kidogo.

Sasa ikatokea binti anasafiri na shule yake, kwenda leo na kurudi kesho. Asubuhi ya safari alisimama kando ya cherehani, begi mgongoni.

"Fundi, mnyunyizie maji kwenye majani asubuhi na jioni. Hanywi kwenye bakuli, analamba matone. Na usimshike kutoka juu. Mwekee mkono mbele yake, apande mwenyewe."

"Sawa, sawa," akajibu Chapuchapu, mguu haujatoka kwenye pedali. Katika maneno yote yale, lililomwingia lilikuwa maji.

Maji aliyatoa kweli, kwa chupa ile ile anayonyunyizia nguo akipiga pasi. Lakini siku ya pili, mchana, aliona majani ya tundu yamenyauka. Binti angerudi kabla ya jioni. Chapuchapu akaona hapo hapo nafasi yake: atoe yaliyokauka, aweke mabichi, mtoto akute tundu linapendeza na ajue kuna mtu anayemjali. Nia ilikuwa njema, haraka ndiyo ile ile. Akafungua kimlango, akashusha vidole viwili kutoka juu, namna anavyookota pini sakafuni.

Babu alivimba. Rangi yake ya kijani ikaingia weusi, akaachama kinywa na kutoa sauti ya mkwaruzo, na Chapuchapu, mwanamke mzima aliyewahi kumfukuza mwizi kwa rula ya mbao, akarusha mkono. Kitu chepesi kikaanguka kwenye lundo la vitambaa mezani. Alipothubutu kutazama, hakikuwapo.

Alifunga mlango, akavua viatu asije akamkanyaga, akaanza kutafuta. Tangu utotoni alijua, kama watu wote wanavyojua, kwamba kinyonga huchukua rangi ya mahali alipo. Basi akaanza na vitambaa vya kijani, akaja vyekundu, akaja vya bluu. Kila kimoja alikiinua polepole kwa pembe na kukikagua uzi kwa uzi. Kitambaa cha maua alikikazia macho mpaka maua yakaanza kutembea. Jasho likamtoka. Akarudia kijani.

Mtu akabisha dirishani. Alikuwa mteja, dada wa bibi harusi mmoja wa mtaani.

"Fundi, nimefuata gauni langu."

"Njoo kesho."

"Si ulisema leo? Lipo pale, naliona."

"Hata mimi naliona. Siwezi kukanyaga kufika pale."

Mteja alimtazama fundi aliyesimama kwa kidole gumba cha mguu katikati ya chumba chake mwenyewe, akasonya, akaenda zake.

Jua lilikuwa linateremka ukutani na Chapuchapu alikuwa analifuata kwa jicho. Shetani akampitia. Angesema paka aliingia. Angempigia mjomba alete mwingine, kwani vinyonga si wote sura moja? Nani angetofautisha? Binti angetofautisha. Na hapo ndipo moyo ulipomwuma kweli, maana alijua huyu mtoto hangepiga kelele. Angesema tu, "Haya, Fundi," na mlango ule wenye gauni nyuma yake usingefunguka tena.

Akakaa sakafuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa tangu alfajiri, na alikaa kwa kushindwa, si kwa kupumzika. Akainua uso apate pumzi, na Babu alikuwa palepale juu, kwenye tepu ya kupimia, ameishika katikati. Tepu ya njano, kinyonga mweusi kama kipande cha mkaa. Hakuwa amejificha wala kufanana na chochote. Alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa rangi yake.

"Kumbe umesimama hadharani," Chapuchapu akanong'ona, "na mimi nakutafuta kwenye maua."

Sasa maneno ya binti yakamrudia yote. Akasimama taratibu, akaweka mkono mbele ya Babu, chini kidogo, kiganja wazi, akangoja. Kungoja kulimtesa. Mguu wa kulia ulikanyaga pedali isiyokuwapo. Shingo iliwasha. Mkono ulichoka, akaushika kwa mkono wa pili. Babu aligeuza jicho moja kwake, jingine akaliacha dirishani. Akanyanyua mguu, akayumba mbele, akayumba nyuma, akaurudisha. Chapuchapu alitamani kulia. Hakusogea.

Mguu ukanyanyuka tena, ukashika ncha ya kidole chake. Ulimbana kama kibanio kidogo cha nguo, na haukuuma. Ukaja wa pili, na mkia ukajizungusha kwenye pete ya ndoa. Kiumbe mzima hakuwa na uzito wa kifungo cha koti. Kidogo kidogo weusi ukaanza kumtoka mbavuni na kijani kikarudi, na Chapuchapu akagundua kwamba naye alikuwa amebana pumzi muda wote huo.

Hivyo ndivyo binti alivyomkuta alipofungua mlango: nguo zimetapakaa, fundi peku, mkono hewani.

"Ulimshika kutoka juu?"

Hadithi ya paka ilikuwa bado ipo mdomoni. Chapuchapu akaimeza.

"Ndiyo. Uliniambia, sikukusikiliza. Nilimwangusha, akapotea muda mrefu. Nisamehe."

Binti alimkagua Babu mguu kwa mguu. Kisha akaweka mkono wake mbele ya mkono wa Fundi, ncha kwa ncha, wakasubiri wote wawili mpaka Babu alipoamua kuvuka.

"Mimi alinipotea siku ya kwanza," akasema. "Alikuwa kwenye kiatu cha baba." Akambeba, akatoka.

Kesho yake alasiri Chapuchapu alikuwa anamalizia lile gauni la dada wa bibi harusi, kwa mbio kama kawaida yake, maana mtu habadiliki kwa siku moja. Binti akaja akasimama kando ya cherehani. Alikuwa amevaa gauni la maua, mabega yamepanda, mikono imekaa mbali na mwili.

"Fundi, linanibana makwapani."

Mkono wa Chapuchapu ulikuwa umeshafika kwenye mkasi. Akaurudisha. Akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Akaenda dirishani, akaitoa tepu kwenye msumari, akaipangusa vumbi kwa khanga yake, akarudi akapiga magoti.

"Nikupime?"

Binti aliitazama tepu, akamtazama yeye. Chapuchapu akangoja. Mtoto akasogea hatua moja, akainua mikono.