Mkono wa Neema juu ya Boneti

Mpira unaoungua una harufu mbili. Ya kwanza hukaba koo, kali kama pilipili iliyoangukia makaa. Ya pili huja baadaye, tamu kidogo, na hukaa kwenye nywele mpaka uzioshe. Mwaka 2018 nywele zangu na za mdogo wangu Neema zilinuka hivyo kila Jumamosi, kwa sababu Mjomba Festo, aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, alitupitia nyumbani Irving, Texas, asubuhi na kutupeleka kwenye mashindano ya magari kusini mwa Mansfield. Pale magari yalikimbia mawili mawili kwenye mstari ulionyooka wa robo maili, na mbio ziliisha kabla hujashusha pumzi. Mimi ngurumo ile niliisikia tumboni. Neema, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimwachia uziwi tangu akiwa na miaka mitatu, alivua viatu, akakanyaga bati la jukwaa na kutulia kama mtu anayesali.

Mjomba ndiye aliyegundua kipaji chake. Kabla ya kila mbio aliwasha injini ya gari lake kuukuu la bluu, akaweka kiganja cha Neema juu ya boneti na kuniambia, "Muulize fundi, leo inasemaje?" Neema alikuwa na miaka tisa. Alifumba macho, kisha akajibu kwa vidole: iko sawa, au, inaruka pigo moja upande wa kushoto. Mimi nilitafsiri, maana Mjomba hakujua lugha ya alama zaidi ya "njoo" na "chakula". Alipofungua upande wa kushoto, mara nyingi alikuta plagi imechoka. Washindani wake walikuja kutazama, wakacheka, wakamnunulia Neema soda, wengine wakamwomba aguse na magari yao.

Kiangazi kilipopamba moto, vicheko vilipungua. Watu walianza kufunika magari yao kwa turubai ili wapinzani wasione ndani, na kila hema likawa na kompyuta. Mjomba naye alimleta Otieno, Mkenya aliyejua mambo hayo, akaunganisha nyaya kwenye injini. Kisha, adhuhuri moja, lilikuja gari jeupe la umeme. Lilipangwa sambamba na la Mjomba. Taa ya kijani ilipowaka, lile la bluu lilinguruma na kuondoka. Lile jeupe halikuwa tena pale liliposimama. Sikuona lilivyoondoka. Lilikuwa mbele tayari, likiteleza bila sauti, na nyuma yake tulisikia bendera zikipigwa na upepo. Neema alinivuta mkono, uso umempauka.

"Nani amelisukuma?" aliuliza.

Tangu siku hiyo Mjomba alibadilika. Alikuja na chakula kwenye gari akarudi nacho. Mkono wa Neema alikuwa akiuita mara moja moja, kama anayekumbuka adabu. Oktoba ilipofika alipangwa tena na lile gari jeupe, na atakayeshinda angeingia fainali. Wanaume sita au saba walizunguka skrini ya Otieno. Mjomba aliegemea boneti kwa viganja vyote viwili, akamwita Neema. Neema aliweka mkono wake kati ya mikono ya Mjomba. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, halafu akanigeukia.

"Injini ni nzima," alisema kwa vidole. "Ni Mjomba anayetetemeka. Anaogopa."

Niliwatazama wale wanaume. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikujua mtoto anamwambiaje mjomba wake jambo kama hilo mbele za watu. Nikasema, "Anasema inatetemeka vibaya."

"Kompyuta inaonyesha kila kitu kiko poa, boss," alisema Otieno.

Mjomba aliniangalia mimi, si Neema. "Una uhakika?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akazima injini.

Gari jeupe lilikimbia peke yake, njia ya pili tupu, na kipaza sauti kikatangaza ushindi wake kwa watu ambao hawakupiga makofi. Wiki ile Mjomba alifungua injini kipande kwa kipande. Hakukuta kitu. Hakutugombeza. "Mtoto ni mtoto," alimwambia mama, na hakumwita Neema tena. Kabla ya Krismasi aliuza gari. Neema aliniuliza, "Ulimwambia nini?" Nikajibu, "Ulichosema."

Mimi bado huenda kutazama mbio. Magari ya sasa yana kasi ambayo Mjomba hakuiota, na mengi hupita kimya, na watu majukwaani hutazama simu kujua nani ameshinda, kwa maana jicho halioni tofauti. Sijaona mtoto akiitwa aguse kitu. Mwaka jana nilimwendea Mjomba, nikamweleza ukweli. Aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa natetemeka kweli," alisema. "Na wote wale walikuwa wanatazama skrini."

Kisha akaniuliza jinsi Neema anavyosema "samahani". Nilimwonyesha: ngumi kifuani, inazunguka polepole. Aliirudia mpaka nikamwambia inatosha, na bado akaendelea. Jumapili iliyofuata alimwonyesha Neema. Mimi, ninayeijua alama hiyo tangu utotoni, sijamwonyesha bado.