Mzee wa Pangoni

Leo, kwenye gereji ya Jules Street, harufu ya grisi imenirudisha kwenye rola kosta ya utotoni, kigari cha reli cha bustani ya burudani kilichopita ndani ya pango. Pangoni mle kulikuwa na sanamu ya mzee mchimba dhahabu, aliyetakiwa kuturukia na sururu. Mashine yake ilikuwa mbovu. Aliinamisha kichwa tu, taratibu, vyuma vikikwaruzana.

Mama, Mtanzania asiyempita mkubwa bila kumwamkia, akapaza sauti: "Shikamoo, mzee!"

Mzee akainamisha kichwa. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kujificha; mbele za watu mimi nilisema Kizulu tu, nisijulikane kuwa mgeni.

Tulipopanda mara ya pili, mama akaniambia, "Na wewe msalimie."

Nikasalimia. Watoto wa viti vya nyuma wakaidaka: "Shikamoooo!" Nikawashinda kwa kelele.

Leo fundi mzee alipochomoa kichwa kwenye boneti, nimejikuta nimeshamwamkia. Akainamisha kichwa, taratibu.