Ruhusa ya Nyaboke

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu, upande wa Ekerenyo, kilipasuka asubuhi moja baada ya mvua ya wiki nzima. Ufa ulipita katikati ya majani chai. Saa mbili ulitosha kuingia kidole changu. Saa nne ulitosha kuingia mguu wa baba.

Naibu wa chifu alikuja na kutuambia tuhamie kanisani. Mama alifunga vyeti vyetu ndani ya mfuko wa plastiki. Baba alifungua ng'ombe. Bibi, ambaye sisi humwita Magokoro, alikaa jikoni kwenye kigoda chake.

"Sijaruhusiwa," akasema.

Mama mkwe wake alikuwa amemwonya zamani kwamba mke haachi meko ya boma hili bila ruhusa ya mama mkwe wake. Mama mkwe huyo alikufa kabla sijazaliwa, lakini jina lake, Nyaboke, alipewa mdogo wangu. Kwetu anayerithi jina la marehemu hurithi na heshima yake. Magokoro alimwita mtoto wa darasa la kwanza "mama", akamwekea paja la kuku, akamsalimu kwanza. Mimi nilipewa jina la shangazi fulani ambaye hakuna aliyemkumbuka sana.

Nilijua Nyaboke ataulizwa. Kwa hiyo, tulipokuwa tukijaza nguo kwenye gunia, nilimnong'oneza, "Ukisema twende, paka wako ataachwa." Ulikuwa uongo. Nilitaka akosee mbele ya watu, mara moja tu.

Magokoro akamwita. "Mama, mlima unakuja. Tuondoke?"

"Hatuendi," Nyaboke akasema.

"Bibi," naibu wa chifu akasema, "mlima hauombi ruhusa."

"Mimi naomba. Niliolewa hapa."

Baba alisihi. Mama alilia kidogo, kisha akaendelea kufunga. Hakuna aliyethubutu kumbeba Magokoro kwa nguvu. Mahindi juu ya ufa yalikuwa yameanza kuinama upande mmoja, na hapakuwa na upepo.

Nilimwaga vitabu vyangu, nikamtia paka kwenye mkoba wa shule, nikampelekea Nyaboke.

"Huyu hapa. Sema twende."

Alichungulia ndani ya mkoba, kisha akaniangalia.

"Niite mama kwanza."

Nilitazama mlango. Magokoro alikuwa bado ameketi.

"Mama," nikasema.

"Twende," Nyaboke akamwambia Magokoro, naye akainuka, akachukua kigoda chake.

Saa kumi alasiri kilima kilishuka. Kilifunika jikoni na nusu ya shamba. Hakuna aliyekufa.

Kijijini bado wanasimulia jinsi marehemu alivyowatoa watu wake. Habari ya paka sijamwambia mtu. Sijui kama marehemu husikia. Ninachojua ni kwamba Magokoro hakusimama kwa neno la baba, wala la serikali, na hangesimama kwa langu. Nilikuwa tayari kumpoteza ili nisisikie mwingine akiitwa mama. Nimekuwa mtu mzima na wivu huo haujaniisha.

Mwaka jana Magokoro aliugua. Nilimwogesha na kumlisha uji kwa miezi mitatu. Nyaboke alifika siku ya mwisho, akitoka kazini Kisii. Nilikuwa nimeshika kikombe.

"Mama," Magokoro akamwambia, "niondoke?"

Nyaboke aliniangalia mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Nenda," akasema.

Magokoro alifariki saa tano asubuhi.