Chungwa Kando ya Nguzo ya Goli

Nilimwahidi Kocha Hamadi kwamba siku nikihama timu yake, nitakwenda mwenyewe kumuaga. Ahadi hiyo hunirudia kila ninaposikia harufu ya chungwa linalomenywa, na hapa Tanga, ambako machungwa ya Muheza hayakosekani mtaani, hunirudia mara nyingi kuliko ninavyotamani.

Kocha alikuwa Mpemba, muuza machungwa, na timu yetu ya watoto wa Makorora aliifundisha jioni baada ya biashara. Wakati wa mapumziko wenzangu walijichukulia machungwa kwenye beseni. Mimi golikipa, ambaye glavu zangu zilikuwa zimelowa jasho na kujaa mchanga, alinilisha chungwa kwa mkono wake. "Fungua kinywa, mlinda mlango," alikuwa akisema, kisha akilikamua taratibu mpaka maji yanichuruzike kidevuni.

Ndipo timu moja ya Chumbageni iliponitaka. Walikuwa na viatu, nyavu, na mwalimu wa makipa. Nyumbani tulilijadili jambo hilo kwa siku kadhaa. Mjomba alisema kipaji hakikui kwenye goli la mawe mawili. Mama hakupinga, alitoa sharti moja tu.

"Kamuage kwanza mwalimu wako, akupe radhi. Mtu haondoki kwa watu kama paka."

Nilikwenda. Nilimkuta akipanga machungwa mezani, huku akimwambia mteja, "Yule golikipa wangu, ipo siku mtamsikia redioni." Nikageuka kabla hajaniona. Mama aliponiuliza, nilijibu kwamba nimeshamuaga, tena amefurahi.

Haukupita muda timu hizo mbili zikakutana. Mapumziko yalipofika nilimwona Kocha Hamadi akikatiza uwanja, chungwa mkononi, akija moja kwa moja kwenye goli nililokwisha kuhamia kwa ajili ya kipindi cha pili. Mama alikuwa amesimama nyuma ya nyavu.

"Hukuja, mwanangu," Kocha alisema bila ukali, "nikaona nije mimi. Fungua kinywa."

"Loo! Kipa wetu kumbe bado ananyonyeshwa!" alipaza sauti mmoja wa wenzangu wapya, na timu nzima ikaangua kicheko.

Sikumwamkia hata shikamoo. Nilificha nyuma mikono yangu yenye glavu mpya, nikasema, "Nina maji yangu."

Akaliweka chungwa chini, kando ya nguzo, akanishika bega. "Radhi unayo," alisema, akarudi kwa watoto wake. Sikuthubutu kumtazama mama. Kipindi cha pili chote nililinda goli pamoja na chungwa lile, sisimizi wakilipanda.

Wakati ule nilidhani aibu yangu ilitokana na kile kicheko. Baadaye chuoni, ambako tulifundishwa kupima uamuzi kwa faida na hasara zake, niliupima ule wangu mara nyingi, na kila mara nikaona kuhama kulikuwa sahihi. Mzee yule hakuja kunirudisha. Alikuja kunitua ahadi iliyonishinda, nami nikamwacha achekwe kwa ajili yangu.

Bado anauza machungwa. Nikimwamkia huitikia marahaba kwa furaha, hunichagulia chungwa zuri, hulimenya, kisha hunikabidhi mkononi. Hajaniambia tena nifungue kinywa.

Ikiwa mtoto wako anahama timu, tafadhali msindikize akaage kabla hajavaa jezi mpya.